Pikipiki Imeshatangulia

9 Machi

Leo Morup ameingiza injini ya pikipiki jikoni. Sisemi plagi wala kabureta, nasema injini nzima. Imekaa juu ya gunia karibu na jiko kama mgeni wa heshima, na mimi mwenye nyumba nimesukumwa pembeni na sufuria zangu. Nimemwuliza, "Baba Nilza, na huyu nimmiminie chai?" Akajibu kwamba baridi ya zizini inaharibu vyuma, vinaweza kupasuka. Nikamwambia kitakachopasuka humu ndani ni mimi.

Lakini sikuitoa. Najua kwa nini iko pale. Dada yangu Chorol, mtawa, alipiga simu juzi kutoka Lingshed kwa simu ya kuazima. Mwezi mpevu wa Saga, mwezi wetu mtakatifu, yaani tarehe kumi na moja Juni, ataingia kwenye kibanda cha sala kilicho juu ya kijiji, na mlango utazibwa kwa mawe na udongo. Atakaa humo miaka mitatu na miezi mitatu. Chakula atapitishiwa dirishani, na hatasema na mtu. Ana miaka sabini na kifua chake kibovu tangu zamani.

"Ukija kabla ya hapo tutakunywa chai," akaniambia. "Usipokuja, pia sawa."

Pia sawa! Ndivyo alivyo. Yeye anasema pia sawa, halafu wewe unabaki na simu mkononi unalia. Utotoni tulikuwa na jozi moja ya viatu kwa watu wawili. Siku za theluji alinivisha mimi, akanibeba mgongoni mpaka shuleni, na yeye akatembea peku. Mimi ndiye niliyekuja kuwa mwalimu. Nataka kumwona. Nataka nimpe chai kwa mkono wangu kabla hawajamzibia mlango, basi.

Kati yetu kuna milango miwili ya milima, mapito ya juu kati ya vilele, Sirsir kwanza, halafu Singe, ambaye jina lake ni simba na tabia yake ni hiyo hiyo. Magari hayapiti mpaka tingatinga limalize kuzoa theluji yote, na likimaliza mwezi wa Saga utakuwa umekwisha. Pikipiki hupenya mapema, tingatinga likishakata kijia tu. Ndiyo maana injini iko jikoni.

12 Machi

Theluji. Morup anasugua vyuma. Nimepika supu, imenuka oili.

20 Machi

Mipango imeanza rasmi. Morup kachukua chaki zangu za zamani akachora njia yote kwenye sakafu ya jikoni: kutoka hapa Tingmosgang mpaka Wanla, Hanupatta, Sirsir, Photoksar, Singe, Lingshed. Mito kachora kwa mawimbi. Milango ya milima kaweka aprikoti kavu, moja kila mahali. Akatoka kwenda kukamua ng'ombe, mimi nikapita nikaona aprikoti mbili chini, nikaokota nikala. Aliporudi akasimama mlangoni na ndoo.

"Mama Nilza, Singe iko wapi?"

"Imeshavukwa," nikamwambia.

Alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Miaka thelathini na saba niko na mtu huyu, na bado akicheka namna ile nasahau yote aliyoniudhi asubuhi.

Ila kuna jambo moja hacheki nalo, nalo ni jirani yetu wa mashariki, mzee Angdus. Angdus alikuwa dereva wa lori kwenye barabara za juu maisha yake yote, na Morup alikuwa fundi wa nyaya za umeme, akizunguka vijiji kwa pikipiki hii hii. Miaka saba iliyopita, arusini, mbele ya kijiji kizima, Angdus alinyanyua kikombe akasema, "Siku hilo pikipiki likivuka Sirsir na Yangdol amekaa nyuma, mimi nitawabebea samadi ya chooni mpaka shambani, kwa mgongo wangu mwenyewe!" Watu walicheka chai ikawatokea puani. Morup hajamsalimu tangu siku hiyo. Mimi nami nilikasirika. Mnene ni mnene, lakini unene wangu nimeula kwangu, sikumwomba Angdus hata punje ya shayiri.

6 Aprili

Morup anadai anayekaa nyuma lazima ajue kuendesha, maana huko juu hewa ni nyepesi na dereva anaweza kuzidiwa. Nikamwambia mimi nina miaka sitini na nina magoti yenye umri wake mwenyewe. Akanipeleka shambani kwa lazima. Nimejifunza klachi. Nimejifunza gia ya kwanza. Breki sikuwahi kujifunza, kwa sababu tulifika kwenye lundo la samadi kabla ya somo hilo.

Nilipotoa kichwa, nikaona kofia ya Angdus juu ya ukuta.

"Mwalimu! Ndiyo mmefika Sirsir?"

Nilimrushia donge. Sikumpata, bahati mbaya.

14 Aprili

Aprikoti zimechanua kijiji kizima. Morup kaniletea tawi, kanichomekea kwenye kofia, akarudi kwenye kabureta yake.

25 Aprili

Leo nimezunguka shamba lote mara kadhaa na sikuanguka. Sijamwambia Morup kwamba nimefurahi, atavimba kichwa.

2 Mei

Tumekwenda kwa mnajimu. Kafungua vitabu vyake, kahesabu mwaka wangu wa nyoka na wa Morup wa sungura, kajikuna, kahesabu tena. Siku njema ya sisi wawili kuondoka nyumbani ni tarehe kumi na nane mwezi huu. Baada ya hapo hakuna nyingine mpaka Saga ipite. Na tutoke kwa upande wa mashariki, akasema, upande mwingine wowote una kisirani.

"Lakini tarehe kumi na nane Sirsir bado imefungwa," Morup akamwambia.

"Basi tangulizeni mzigo. Kwani ninyi wageni hapa?"

Nilipomsimulia Nilza kwenye simu, binti yetu huyo anayeishi huko Jammu kwenye joto, alicheka sana. "Yaani mama, mnapeleka mkanda wa baba kwa jirani, halafu mnasema mmeshasafiri?"

"Ndiyo. Mzigo ukitoka siku njema, safari imeanza siku njema. Wewe utafuata siku yoyote ile."

"Na mzigo ukishatoka?"

"Haurudi nyumbani mpaka safari iishe. Kuurudisha ni kuivunja safari, na anayevunja safari hajui amevunja na nini kingine."

"Haya. Jirani gani sasa?"

Hapo nikamwuliza habari za joto la Jammu. Mashariki mwa nyumba yetu kuna nyumba moja tu, na baada yake ni jabali.

10 Mei

Morup kasema bora asiende popote kuliko kupeleka mkanda wake kwa Angdus. Nikamwambia mkanda wake abaki nao umshikilie suruali, mimi nitapeleka kilemba changu na nitakwenda kwa dada yangu peke yangu, hata kwa punda. Hatujasemezana tangu mchana. Kaniwekea kuni karibu tu.

18 Mei

Ninaandika nikiwa sijui nicheke au nimfunge Morup kamba.

Asubuhi aliamka mapema, kanyoa, kavaa koti jipya. Nikafurahi, nikajua amelainika. Nikakunja kilemba changu, nikachukua mkanda wake wa sherehe, nikavitia kwenye mkoba. Natoka nje, namkuta kashika usukani wa pikipiki. Imefungwa kila kitu: mikoba ya pembeni, makopo ya petroli, kasha la spana, blanketi, hata birika.

"Hii nini, baba Nilza?"

"Mzigo."

"Watu hupeleka kofia! Watu hupeleka mkanda!"

"Mkanda ukitangulia, kitakachofika ni mkanda," akasema. "Mimi nataka pikipiki ifike. Nikipeleka, napeleka yote, Angdus aone kwamba sitanii."

Nani angebishana na uso ule? Tukaisukuma, yeye mbele mimi nyuma, mpaka lango la mashariki. Angdus alikuwa uani anawapa mbuzi majani. Akatuona, akasimama. Miaka saba hatujavuka lango lile. Morup akatazama juu kama anayekagua nguzo za umeme. Ikabidi niseme mimi.

"Mzee Angdus, jule, salamu zetu. Leo tumeondoka nyumbani. Tunakuomba utuwekee mzigo."

Mzigo wa msafiri haukataliwi, hilo analijua hata mtoto. Angdus akaitazama pikipiki kutoka gurudumu mpaka birika.

"Wengine huleta soksi," akasema.

"Wengine si mume wangu."

"Naona." Akakohoa. "Iwekeni pale, mbali na mbuzi. Huyu mweupe anakula mpira."

Akatumiminia chai. Mimi nilikunywa, Morup akalowesha midomo tu. Kwenye rafu ya jiko niliona vikombe vimepangwa vizuri vyote vina vumbi, isipokuwa kimoja. Mke wa Angdus alifariki mwaka ule wa arusi. Nilikuwa nimesahau.

Tumerudi nyumbani, tumekaa, ndipo Morup akashika kichwa. Breki ya nyuma hajaifunga. Kabureta hajaipima. Spana zote ziko kule, pikipiki iko kule, na hakuna kinachoweza kurudi.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Sasa nini?"

"Sasa utaitengenezea wapi, baba Nilza?"

Akashika kichwa tena. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

21 Mei

Morup kaenda kwa Angdus bila kusalimu, kafunga breki, karudi bila kuaga. Anaona kashinda.

24 Mei

Makelele uani kwa Angdus. Nilipanda kwenye paa kusikiliza, sioni haya kusema.

"Breki hiyo umeikaza kama unafunga mbuzi! Huko chini ya Sirsir itashika moto!"

"Wewe ulikuwa na lori, hii ni pikipiki!"

"Mteremko hauulizi una magurudumu mangapi, fundi wa nyaya!"

Wamesalimiana kwa matusi. Ni mwanzo.

28 Mei

Nimeenda kumwita Morup kwa chakula, nikawakuta wawili wamechuchumaa, Angdus anachora kona za Singe kwenye vumbi kwa kijiti. Anaeleza vijito: vivukeni asubuhi maji yangali kidogo, kwa sababu mchana theluji inayeyuka na kijito kinakuwa mto. Anaeleza wapi barabara ina barafu kivulini hata Julai. Morup anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza. Nikakaa nami. Tumekula kule kule. Nilihesabu vikombe vilivyooshwa, vilikuwa vitatu.

Angdus akaniuliza habari za Chorol. Kumbe ndiye aliyempakia kwenye lori siku alipokwenda kuwa mtawa. "Hakulia hata kidogo," akasema. "Mimi ndiye niliyelia, na mimi ndiye dereva."

Mtu anaweza kuishi nyuma ya ukuta wako nusu ya maisha, na wewe ukawa unajua kofia yake tu.

2 Juni

Theluji tena huko juu. Tingatinga limerudi Hanupatta. Nimekwenda hekaluni, nimewasha taa, nimerudi, sina usingizi wala njaa.

5 Juni

Morup ameanguka.

Alikuwa anazibua mfereji wa maji juu ya shamba, jiwe likamteleza, akaangukia mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Kushoto ndiko kwenye klachi. Tumempeleka hospitali ya Khaltse, amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Tulipofika nyumbani akakaa penye jiko, akaitazama ile ramani ya chaki ambayo sijawahi kuifuta, akaanza kulia.

"Nimekunyima dada yako," akasema.

Nilimshika kichwa. Nikamwambia hujaninyima kitu, mpumbavu wewe, mfereji ulikuwa umeziba, ungefanyaje? Nikamwambia pia sawa. Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, mimi nami nikalia.

Nilza kapiga simu. "Mama, achana nayo. Utamwona akitoka." Atakapotoka atakuwa na sabini na tatu. Mtoto hasemi vibaya, lakini yuko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jioni mlango ukabishwa. Angdus. Hajafika kizingitini kwetu miaka saba, na hata leo hakuvuka, akasimama nje kofia mkononi.

"Mzigo wenu uko kwangu," akasema. "Kuurudisha siwezi. Kukaa nao siwezi pia, mbuzi mweupe ameshaanza kiti."

"Angdus, nenda wewe," Morup akamwambia. "Mpeleke wewe. Nakuomba."

Angdus akazungusha kofia yake. "Kwa nini niliacha lori, unafikiri? Macho, Morup. Nikiitazama taa naona taa tatu. Sikumwambia mtu. Kona moja ya mwisho niliipita kwa bahati tu." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini mwalimu macho yake mazima. Namwona kila siku anavyonitazama kwa hasira, hakosei hata mara moja."

"Mimi?" nikasema. "Mimi nimevuka shamba la shayiri!"

"Shamba umelivuka. Kesho njoo, tuvuke kilima."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema. Waliosema hawakuwa na magoti yangu.

7 Juni

Siku mbili nimepanda na kushuka njia ya hekalu. Angdus anakaa kwenye jiwe, haoni vizuri lakini anasikia. "Gia! Unaitesa!" "Usibane breki, inong'oneze!" Jana nilitazama korongo nikaelekea korongoni. Akaja mbio na kijiti chake.

"Pikipiki inakwenda macho yanakokwenda. Ukitazama shimo, umelichagua. Tazama unakotaka kufika, basi, na umwachie mlima mambo yake."

Leo nimeshuka na Morup amekaa nyuma, plasta yake imenibana mbavu, anahema shingoni mwangu kama dume la yaki. Hatukuanguka. Tulipofika chini akaniambia, "Nilikuwa sijui una mabega mazuri hivi." Akome, mzee huyu.

9 Juni, Hanupatta

Tumeondoka kutoka uani kwa Angdus, maana sisi tulikwisha kuondoka kwetu tangu mwezi jana. Angdus katufunga vitambaa vyeupe vya baraka, mimi, Morup, na pikipiki kwenye taa. Katukabidhi kamba yake ya lori. Morup akamshika bega kwa mkono mzima, wakatazamana.

Nilipopiga teke injini ikaitika, Angdus akapaza sauti: "Halafu nilisema Yangdol akae nyuma! Amekaa mbele! Samadi siibebi!"

"Tutaonana, mwizi wee!" nikamjibu.

10 Juni, Photoksar

Nimevuka Sirsir. Naandika tena ili nisome mwenyewe: mimi, Yangdol, nimevuka Sirsir nikiwa nimeshika usukani.

Theluji ilikuwa kuta pande zote mbili, kijia katikati kipana kama kitanda. Karibu na kilele pikipiki ikaanza kukohoa, hewa imeiishia. Morup akashuka, akaweka bega lake nyuma ya kiti akasukuma, anatembea anahema, kofia imemwanguka hata haiokoti. Nilimwona kwenye kioo. Nikasema moyoni, dada yangu alinibeba mgongoni, na mume wangu ananisukuma kwa bega. Mtu gani mwingine amepelekwa hivi duniani? Kileleni, kwenye bendera za sala, tukapiga ukelele wetu, miungu na ishinde, sauti zikatoka nyembamba kama za vifaranga.

Kuteremka nilitazama ninakotaka kufika tu.

Hapa Photoksar wametupokea, wametupa supu. Kesho ni mwezi mpevu. Tukianza mapema, mchana tutakuwa Lingshed.

11 Juni, Photoksar

Theluji imeanguka tangu alfajiri. Dereva wa tingatinga amerudi nusu ya njia, anasema Singe haionekani. Nimesimama nje na buti zangu siku nzima.

Sasa hivi watakuwa wameshapanga mawe.

12 Juni, Photoksar

Imeacha kuanguka. Tingatinga linakata. Morup ameniuliza kama nataka kurudi. Nikamwambia maji tumeyavulia nguo, tutayaoga. Mzigo ukishatoka haurudi. Nitaukuta ukuta, nitauwekea kitambaa, nitasema jina lake kwa nje, asikie sauti yangu. Halafu nikajifunika blanketi, na Morup akakaa karibu na mimi, mkono wake mzima juu ya kichwa changu.

13 Juni, Lingshed

Acha niandike polepole.

Singe tuliivuka asubuhi, vijito vingali vidogo kama Angdus alivyosema. Niliangusha pikipiki mara mbili kwenye matope ya theluji. Mara ya pili Morup akaangukia chini, mimi juu yake, tukabaki tumelala hapo tunacheka kama watoto waliotoroka shule. Kileleni sikupiga ukelele. Sikuwa na wa kumpigia.

Kijijini Lingshed watu walitutazama kwa mshangao, mama mtu mzima na mzee wa plasta. Nikauliza njia ya kibanda cha mtawa Chorol. Bibi mmoja akanionyesha juu, akatabasamu, nikadhani ananionea huruma. Pikipiki haifiki kule. Tukapanda kwa miguu. Nilikuwa natazama chini, natafuta pa kukanyaga, kwa hiyo nilisikia kabla ya kuona.

"Yangdol, umenenepa!"

Amekaa kizingitini. Joho lake jekundu, kichwa kimenyolewa, kofia ya sufu imeinama upande mmoja kama zamani. Pembeni ya mlango mawe yamepangwa tayari, na beseni la udongo limefunikwa gunia. Mlango wazi. Na miguu yake, Mungu wangu, miguu yake peku juu ya jiwe baridi.

Nilisimama nikiunyooshea mlango kidole.

"Nimeshaingia," Chorol akasema. "Viatu vyangu vimeingia tangu juzi, saa njema ile ile, mwalimu wangu, lama mwenyewe, kaviweka ndani. Tazama." Nikachungulia. Vile viatu vyake vya kamba vimekaa kwenye mkeka vimeelekea madhabahu, vyenyewe tu, vinasali. "Mimi nakungoja wewe."

"Uliruhusiwa?"

"Lama alicheka mpaka akakohoa. Akasema kiatu kinaweza kusali peke yake siku tatu, zaidi ya hapo kitachoka."

"Ulijuaje nitakuja, Chorol? Siku ilipita!"

"Theluji ilianguka," akasema, kana kwamba anamfundisha mtoto. "Kwa hiyo ulichelewa kwa theluji. Kama isingeanguka na hukuja, ningeingia, pia sawa."

Nikapiga magoti, nikavua buti zangu, nikamvisha. Zilimzidi, lakini zilikuwa na joto langu. Akatazama miguu yake, akatazama yangu yenye soksi kwenye mawe. Ndipo tukalia wote wawili, na Morup akaenda kutazama mlima.

Nikawasha moto hapo nje. Birika lilelile. Nikampa chai kwa mkono wangu. Alikunywa, akanyoosha kikombe, nikammiminia tena, akanyoosha tena.

14 Juni, Lingshed

Leo siku ya tatu imekwisha. Aliniachia nipange mawe ya chini, watawa wenzake wakapanga ya juu. Kabla ya kuinama kuingia alinirudishia buti, kisha akavua kofia yake akanivika mimi, mbele ya lama.

"Leo ni siku njema ya kusafiri upande wenu," akasema. "Nimeuliza. Nikitoka humu nataka nije nile aprikoti za Tingmosgang, mbichi, kwenye mti. Nitangulizie."

Morup akajikuna. "Shemeji, sasa wewe umeingia au umetoka?"

"Viatu vimeingia, kofia imetoka," Chorol akamwambia. "Kilichobaki katikati ni kizee tu, msihangaike nacho."

Akaingia. Jiwe la mwisho niliweka mimi, nikalipaka udongo kwa viganja. Halafu kutoka ndani, neno lake la mwisho kabla ya kuanza:

"Yangdol, kwenye pembe ya kushoto upepo unaingia."

Nikaongeza udongo.

18 Juni, Tingmosgang

Tumefika. Pikipiki tuliipitisha kwanza kwa Angdus, kama ipasavyo, lakini hakuwapo uani. Tulimkuta shambani kwetu. Tenga mgongoni, samadi imemwagika mpaka kwenye kofia, anatembea anapapasa mtaro kwa kijiti.

"Nilikaa mbele!" nikampigia kelele. "Hukushindwa!"

"Najua!" akajibu bila kusimama. "Nimechoka kukaa peke yangu uani. Niachie tenga langu."

Morup akaenda, akashika upande wa tenga kwa mkono wake mmoja, na wakaenda hivyo wawili, wanagombana njia ipi ni fupi.

Nimeingia ndani. Ramani ya chaki bado iko sakafuni, sijaifuta. Nimepachika kofia ya Chorol kwenye msumari karibu na jiko, mahali penye joto. Nilza amepiga simu, anauliza dada yangu hali yake, na kama nimeumia kumwacha mle ndani.

"Hajambo," nimemwambia. "Yuko njiani, anakuja."